Kaka Yetu, Mpiga Picha wa Polisi na wa Ndege Wadogo

Kaka yetu, ambaye kazini walimwita Afande Picha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ninayesoma ni kitinda mimba wao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1965, kisha akasoma sekondari miaka minne. Hakuwa wa kwanza darasani, wala hakuwahi kuburura mkia. Mwaka 1979 alijiunga na polisi, akafundishwa upigaji picha. Hadi alipostaafu mwaka 2013 alipiga picha za ajali, za waliouawa na za waliojinyonga. Akirudi nyumbani alinawa mpaka viwikoni ndipo amguse mtoto.

Mwaka 1983 alimwoa wifi yetu, muuguzi. Walijaliwa binti, kisha mwana.

Tarehe 9 Juni 2004 aliitwa kwenye ajali ya basi. Maiti ya saba ilikuwa ya binti yake, miaka kumi na tisa. Dereva wa gari lao la polisi alimshika mkono: “Afande, lete kamera. Atamalizia mwingine.”

“Niache,” akamjibu. “Huyu simwachii mtu.”

Alipiga picha zote zilizotakiwa, akamfunika mwanawe kwa koti lake, akaenda kwa maiti ya nane.

Tangu siku hiyo maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Likizo ilipofika alinunua lenzi ndefu, akawa anashinda kwenye matete nyuma ya kiwanda cha matofali, akipiga picha ndege wadogo: chozi, mnana na shorewanda. Nilimuuliza kwa nini ndege. “Hawatulii, dada. Nimechoka na wanaotulia.”

Siku moja alirudi miguu imevimba kwa siafu. Wifi akamwambia, “Ungeoa mke wa pili ningejua mlango wa kugonga. Sasa nikapige hodi kwenye matete?” Kaka akacheka. Ilikuwa miaka miwili hatujasikia kicheko chake.

Mwaka 2009 alikata kitawi kilichoziba kiota cha chozi, apate mwanga. Kesho yake alikuta makinda wote wawili wamekufa kwa jua. Wiki nzima hakugusa kamera. Baadaye alipiga kwa mbali tu, hata kama jani lilimficha ndege nusu uso.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Sauti ilikwenda kwanza, kisha chakula, kisha miguu. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Novemba 2025, saa kumi na moja jioni, mkewe akimpangusa midomo.

Ameacha mjane, mwana mmoja, wajukuu wawili na sisi ndugu zake wanne.

Siku tatu kabla hajatutoka aliandika kwenye daftari: “Nikiwa sandukuni asinipige picha mtu. Nitazameni tu.”

Basi jamani, simu zibaki mifukoni. Piteni mmoja mmoja, mumtazame.

Mungu ampokee, alale salama.