Kifungo cha Pili cha Naoki

Mbele ya saluni ya Bi Mkasi, hatua chache kutoka stesheni ambayo treni hupita mara nne tu kwa siku, pana benchi la mbao na mashine ya kuuza kahawa ya kopo. Kila Jumatatu asubuhi wazee watatu hukaa hapo kuijadili katuni ya mapenzi inayoonyeshwa kwenye televisheni Jumapili. Kuna Bi Mkasi mwenyewe, mdomo wake mkali kuliko nyembe zake. Kuna Tofu, aliyepika tofu, ile jibini ya soya, miaka arobaini mpaka mgongo ukapinda. Na kuna Mzee Ogata, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye mji mzima humwita Stesheni. Jumatatu hiyo Ogata alikuja na jambo zito. Mjukuu wake Naoki alikuwa amejifungia chumbani, wiki ya tatu sasa, kwa ajili ya msichana, na mzee alitaka kujua kijana wa namna hiyo hutolewaje. Kuuliza waziwazi aliona haya, basi akamtanguliza Riku, kijana wa kwenye katuni.

Stesheni: Huyu Riku. Kalala kageukia ukuta tangu msichana ahamie Tokyo. Ingekuwa nyie mngemtoaje?

Tofu: Njaa. Usimpelekee kitu. Siku ya tatu utamkuta jikoni anafunua sufuria.

Bi Mkasi: Mwenye mapenzi anasikia njaa, wewe? Tatizo lake nywele. Zimemfunika macho, wasichana wengine atawaonaje? Nipe nusu saa tu.

Tofu: Unataka kumnyoa mtu wa kuchorwa?

Bi Mkasi: Nimekunyoa wewe miaka thelathini, na nywele zenyewe za kutafuta.

Tofu: Haya, cheka. Mimi nimelichunguza hili. Yule msichana alikufa sehemu ya kwanza. Mmewahi kumwona anakula?

Bi Mkasi: Basi na Riku naye marehemu, maana hajala tangu sehemu ya tano. Maiti analilia maiti. Ndiyo maana wote wana macho makubwa vile.

Tofu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Ogata hakucheka. Sinia aliyoikuta asubuhi hiyo mlangoni kwa Naoki ilikuwa na wali wa jana, umekauka, haujaguswa.

Stesheni: Usiseme maiti, Bi Mkasi.

Bi Mkasi: Katuni hiyo, mzee wangu.

Stesheni: Mimi simsemi Riku.

Ogata akalizungusha kopo mkononi mara mbili tatu, kisha akaanza kusema bila kuwatazama.

Stesheni: Minami, binti wa fundi baiskeli, alimwomba Naoki kifungo cha pili cha koti lake la shule. Ampe siku ya kuhitimu.

Bi Mkasi: Kile cha karibu na moyo. Basi msichana alimpenda.

Stesheni: Alimpenda. Na mtoto akalegeza nyuzi mapema, ili siku yenyewe akichomoe kwa mkono mmoja. Mimi sikujua. Nikaliona koti limetundikwa, kifungo kinaning'inia. Miaka thelathini na minane ya reli, sijawahi kutoka nyumbani na kifungo kinaning'inia.

Tofu: Ukakishona.

Stesheni: Kwa uzi wa turubai. Nikapitisha sindano mara kumi na mbili.

Ogata akaliweka kopo benchini.

Stesheni: Siku yenyewe Naoki kavuta pale getini pa stesheni, kikagoma. Kavuta kwa meno. Wenzake wakaanza kucheka, na yeye uso umemwiva kwa aibu. Minami akasubiri, akasubiri, treni ya saa saba ikaingia, akapanda. Baba yake alishampelekea mizigo Tokyo.

Tofu: Si angempa koti zima?

Bi Mkasi: Hebu nyamaza.

Tofu: Natafuta njia, jamani. Tukikate hicho kifungo, tukifukie ndani ya tofu, tumpelekee Naoki huko huko chumbani.

Bi Mkasi: Afadhali mimi nivae sketi ya shule, nisimame chini ya dirisha nimwite kwa sauti ya Minami.

Tofu: Na miaka yako sabini na moja?

Bi Mkasi: Si atakuwa amefungua dirisha?

Dada wa posta, mgeni wa mwezi mmoja pale mjini, alikuwa amesimama kwenye mashine akinywa kahawa yake, na alikuwa amesikia yote. Akainama kidogo kwa heshima.

Dada wa posta: Samahani, wazee wangu. Huyo kijana anadhani nani alikishona?

Tofu akamtazama Bi Mkasi, Bi Mkasi akamtazama Ogata. Ogata akatazama viatu vyake.

Nyumbani kwao anayeshona ni mmoja, Fumie, mjane wa mwanawe, mama yake Naoki. Siku ile mtoto alirudi akalitupa koti miguuni pa mama yake, na tangu hapo hajamsemesha. Fumie aliliokota, akaugusa ule uzi wa turubai, akamtazama baba mkwe wake, akanyamaza. Kila asubuhi hupiga magoti nje ya mlango ule akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake, na Ogata humsikia kutoka chini, huku ameongeza sauti ya televisheni.

Dada wa posta akangoja. Akadhani pengine masikio ya wazee ni mazito, akasogea karibu na Ogata na kuuliza tena, polepole.