Makarius Ulimboka na Tuta la Mji Mpya

Wazee wetu shikamooni, ndugu, jirani na wote mliokatiza kazi zenu kuja kumsindikiza baba yetu, poleni na msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni Vitalis, mtoto wake wa pili, nimeteuliwa na familia kusoma maisha yake, na marehemu mwenyewe aliniagiza nisiruke hata mwaka mmoja, hivyo mtanivumilia.

Marehemu Makarius Ulimboka alizaliwa Rungwe mwaka 1909, tarehe haikuandikwa. Alisoma shule ya misheni kwa miaka miwili, akajua kusoma na kuandika Kiswahili na kuhesabu, lakini Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, na hilo nawaomba mlikumbuke.

Tarehe 3 Juni 1929 aliandikishwa manamba, akaletwa Kilosa kwenye shamba la mkonge lililo ng'ambo ya mto Mkondoa, akaanza kwa kukata, na mwaka 1938 akapandishwa kuwa mnyapara. Alikuwa mkali wa maneno, wengi wenu aliwasema mpaka mkakosa pa kuficha nyuso, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba Makarius alimnyima alama kwenye kipande chake, ile kadi ya kuhesabia siku, baada ya kumaliza kazi ya siku.

Tarehe 14 Oktoba 1933 alifunga ndoa hapa Kilosa na mama yetu Magreti, dada yake Tomasi, karani wa ofisi ya shamba, na Mungu akawajalia watoto watatu, Filomena aliyezaliwa 1935 na sasa ameolewa Kidodi, mimi niliyezaliwa 1938, na Elizabeti aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1945. Mwaka 1947 alihama kambini, akajenga hapa Mji Mpya, upande huu wa mto, kwenye kiwanja alichopewa na Mzee Mwinshehe, akawa anavuka daraja kila alfajiri kwenda kazini.

Mwezi Juni 1951 ilitangazwa barazani kwamba Serikali ina fungu la kusaidia vijiji vinavyosumbuliwa na mafuriko, kwamba watu wakijichimbia tuta wenyewe na kupanda matete na mianzi kushika kingo za mto, watapewa mawe, saruji na mabomba ya kulikamilisha, ila kwanza waonyeshe ushahidi wa nani alifanya kazi na kwa siku ngapi. Mlimchagua marehemu awe msimamizi, na kwa misimu miwili ya kiangazi, kuanzia Julai 1951 hadi Novemba 1952, wanaume walichimba wakitoka kwenye mkonge na miiba bado iko vidoleni, wanawake wakabeba udongo kwa vikapu, mama yetu akiwamo.

Hapo ndipo marehemu alipokosea, na alitaka kosa lake lisomwe kama lilivyo. Kwa kuwa sisi watu wa mkonge hatujui kuhesabu siku ila kwa kipande, aliwaambia kila mmoja alete kadi yake ya zamani iliyokwisha, na siku za tuta akazitia alama nyuma yake, bila kuwaza kwamba mbele ya kila kadi limepigwa chapa jina la shamba. Tarehe 12 Januari 1953, Mzee Mwinshehe akishuhudia, alimkabidhi shemeji yake Tomasi vipande vyote ndani ya gunia, Tomasi akaahidi kunakili majina kwenye orodha ya kijiji na kuandika ombi kwa Kiingereza, akaliandika, akamwonyesha marehemu mahali pa kutia sahihi, naye akatia, maana huyo alikuwa kaka wa mkewe na mlezi wa ubatizo wa mtoto wake.

Mwezi Agosti mawe na saruji vilifika kwa treni, mkaenda stesheni kuvipokea kwa ngoma, na malori yakapakia mbele ya macho yenu, yakavuka daraja, yakaenda kumwaga upande wa shamba. Ombi lilikuwa limeandikwa kwa jina la shamba, vipande vikatolewa kama ushahidi kwamba wafanyakazi wake ndio waliochimba, na ukuta wa mawe ukajengwa kuikinga korona, mashine yao ya kusaga mkonge. Mwezi uliofuata Tomasi akawa karani mkuu, akapewa nyumba ya bati.

Marehemu alimwendea akamuuliza, akajibiwa kwamba karatasi ina sahihi yake mwenyewe, sasa analalamika nini. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua kofia, na mama yetu akampigia magoti asimwanike kaka yake, naye akamwahidi mama kwamba maadamu yu hai hatamtaja.

Tarehe 7 Aprili 1954, saa tano asubuhi, maji ya Mkondoa yaligonga ukuta ule, yakarudi upande wetu, yakabomoa tuta letu la udongo, yakachukua watu sita, na wa sita alikuwa Elizabeti, mwenye miaka tisa. Ndugu zangu, mlisema Makarius amewauza, mlisema alikula na shamba, na mtoto yule tulimzika watu wanne, Mzee Mwinshehe akiwa mmoja wao, na alipojaribu kuwaeleza aliyoyaona mlimwambia naye amepewa chake. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mama alifariki tarehe 20 Februari 1956. Marehemu alianza kuugua kifua mwaka 1957, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Septemba 1958, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na miaka 49, baada ya kutuambia kwamba ahadi aliyompa mama imekwisha pamoja na pumzi yake.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia, Mzee Mwinshehe na nyumba yake yote, wafanyakazi wenzake wa shambani, na nyinyi jirani mliochimba kaburi tangu alfajiri, ingawa mlikuwa bado hamjayasikia haya. Hatuwadai lolote.

Mjomba Tomasi, shikamoo. Nakuona pale mbele, na nafasi hiyo ni yako kwa haki, wewe ni mjomba wetu na hakuna atakayekuondoa. Baba hakuacha neno la kukutukana, aliacha ombi moja tu, kwamba uwaambie watu hawa, kwa mdomo wako mwenyewe, ni nani aliyeandika jina la shamba kwenye karatasi ile. Waliobeba jeneza wameliweka chini, kamba za kulishushia kaburini hawajazishika. Baba, utapumzika kwa amani, mjomba akishasema, na sisi tunamsikiliza.