Mama Mzima wa Mstari Mmoja

Bwana asifiwe, mama zangu. Nimesimama, na msiniambie nifupishe. Kufupisha ndiko kulikotaka kunimaliza.

Mnajua nauza nyanya hapa Rongo. Mama yangu yuko Ndhiwa, hana simu. Akiwa na neno, anamwambia jirani yake, na jirani ananiandikia kila kitu vile Mama ametamka. Na Mama ni kama wazee wetu wote, hakurupuki. Kwanza mvua. Halafu ng'ombe, halafu nani amezika. "Sisi wazima, hakuna shida." Shida yenyewe anaiweka mwisho kabisa.

Sasa hii simu ikajiongezea kitu. Mimi sikuomba! Niliamka tu nikakuta akili bandia inanisomea meseji, inanipa mstari mmoja, na chini imeniwekea jibu nibonyeze. Wateja wamesimama, mikono imejaa nyanya, nikaona si mbaya.

Meseji ya Mama ikaja. Simu ikasema: "Mama ni mzima. Mvua imenyesha." Nikabonyeza: "Vizuri sana!" Ikaja nyingine. Mama ni mzima. Vizuri sana!

Ndugu zangu, nawaambia, siku moja yule jirani alinitokea sokoni akiwa amefura. "Wewe ni mtoto wa aina gani? Mama yako mguu umevimba, hawezi kukanyaga chini, anakuita, na wewe unajibu vizuri sana?"

Woi! Niliacha nyanya hapo hapo.

Nilimkuta Mama amegeukia ukuta. Hakuitikia salamu yangu. Niliumia, jameni, niliumia sana. Nikakaa chini, nikafungua meseji zenyewe, nikazisoma kwa sauti. Mvua, ng'ombe, matanga, mpaka mwisho: "Ila kuna huu mguu. Nyathina, mtoto wangu, ukipata nafasi, njoo." Nikalia. Halafu nikamsomea ule mstari wa simu.

Akageuka polepole. "Nani alikata maneno yangu?"

"Ni simu, Mama."

"Na hiyo simu ililelewa wapi, haijui mtu huanza na salamu?"

Akacheka. Nami nikacheka na machozi yangu.

Tulimpeleka hospitali Homa Bay. Daktari alisema tungechelewa zaidi, mguu ungekatwa. Leo amekuja kwa miguu yake mwenyewe. Si yule pale nyuma, mwenye kitambaa cha bluu? Mpigieni makofi!

Namshukuru Mungu. Namshukuru jirani, maana ile hasira yake ilikuwa dawa. Na nyinyi mliouza nyanya zangu nikiwa hospitali, Mungu awabariki. Kile kitu cha simu nilimwambia fundi akizime. Kama kinawasaidia wengine, sawa, lakini maneno ya mzazi yasome mwenyewe, na uyamalize.

Asubuhi hii kabla hatujatoka nilimwuliza Mama ameamkaje. Akasema, "Niko mzima, hakuna shida." Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikangoja.