Mwavuli wa Siku ya Jua

Esteria alijifanya amesinzia, lakini masikio yake yalikuwa yamehamia kiti cha mbele. Basi la Maswa lilikuwa limeshatoka Bariadi, na mzee mmoja, mnyapara wa kiwanda kipya cha pamba cha mtu binafsi hapo Bariadi, alikuwa akimweleza mama mkulima aliyekaa naye jinsi tajiri wake alivyo na akili.

"Enzi za ushirika, mayu, tulimngoja meneja aseme tufunike pamba. Meneja yuko msibani, pamba inalowa. Sasa hakuna kuulizana. Redio asubuhi ikisema mvua, tunafunika turubai. Ikisema jua, tunazikunja, zinafungiwa stoo."

"Na leo imesema nini?"

"Jua."

Mama akageuka kuchungulia dirishani. Huko walikotoka wingu lilikuwa jeusi kama masizi. Hata Esteria alifumbua jicho moja.

"Sasa baba, nani atafungua stoo?"

"Utaratibu ni wa asubuhi, mayu. Kesho redio itasema tena."

"Pamba yangu iko uani kwenu tangu jana. Haijapimwa!"

"Basi hiyo bado ni yako," mnyapara alisema, bila ubaya wowote, kama mtu anayesoma bango.

Matone yakaanza kugonga vioo. Basi liliposimama Nyalikungu, mnyapara akachomoa mwavuli chini ya kiti.

"Si redio ilisema jua?" mama akauliza.

"Ilisema," akajibu, akiufungua mlangoni. "Lakini nguo hizi ni zangu."