Mama Mkwe Aliyenifanyia Mazoezi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, uliyeacha shughuli za Moshi mjini ukapanda mpaka kwenye baridi yetu hii ya mwezi wa saba. Baba Mchungaji Hosea. Mganga Mfawidhi wa hospitali yetu, Daktari Jackson. Ndugu wageni waalikwa. Wafanyakazi wa hospitali. Wazee wetu, shikamooni. Na ninyi akina mama mliojaza ukumbi huu wa usharika, wengine mkiwa na vichanga mgongoni, Bwana Yesu asifiwe!

Mimi ni Mwalimu Elinipendo. Nimeombwa niwasemee wanawake waliopita katika mikono ya Mama Theopista, mtaalamu wetu wa fiziotherapia, ambaye leo tunamuaga anastaafu. Wengi wenu hamjui hata kwamba anaitwa Theopista. Kwenu yeye ni Mama Mazoezi, na nadhani hata mume wake akimtafuta hospitali huuliza hivyo hivyo.

Nimepewa muda mfupi, na mwalimu ukimpa muda mfupi umemtafutia dhambi. Kwa hiyo nitasimulia jambo moja tu. Jambo lenyewe lina mkojo ndani yake, Baba Mchungaji, naomba univumilie.

Ndugu wageni waalikwa, mnaikumbuka miaka ile ya tisini mwanzoni? Kahawa ilikuwa bado inaheshimika kidogo vihambani, kwenye mashamba yetu ya nyumbani, ingawa bei ilishaanza kututia wasiwasi na vijana walishaanza kutazama kilimo cha nyanya kwa jicho la tamaa. Mitumba ilikuwa imeshafika Himo, kila Jumapili tukawa tunaingia kanisani na makoti ya watu tusiowajua. Na mzazi alikuwa mzazi. Ukijifungua, unaingia ndani miezi mitatu. Huchoti maji, hukati majani ya ng'ombe, hushiki ufagio. Unakaa kitandani, mama mkwe anakuletea mtori wa ndizi na nyama, anakuletea mlaso, ile damu ya ng'ombe iliyopikwa na maziwa, wenye samli mpaka unang'aa mashavu. Halafu siku ya kutoka unavishwa vizuri, unapelekwa sokoni wanawake wakiimba, kila mtu aone kwamba nyumba ile inajua kutunza. Mnaotikisa vichwa huko nyuma najua mmeyaonja. Nayakumbuka yale maisha mpaka harufu yake, moshi wa jikoni ukipita juu ya dari na ng'ombe akitafuna upande wa pili wa ukuta.

Basi mimi nilijifungua Efraimu, mtoto wangu wa kwanza, mwaka tisini na moja. Alikuwa mkubwa, na safari yake ya kuja duniani ilikuwa ngumu. Nikarudi nyumbani na mtoto mzima, namshukuru Mungu, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimelegea. Nikikohoa, nimelowa. Nikipiga chafya, nimelowa. Nikicheka, ndiyo kabisa. Nilikuwa mwalimu wa darasa la nne, mwenye chaki mkononi na vumbi lake puani. Mnajua mtoto wa darasa la nne akiona kitu alivyo? Hasahau, na hamfichi mtu. Nikawa nalala pale kitandani ninakula mtori wa watu huku nimeshaamua moyoni kwamba likizo ikiisha sirudi shuleni. Kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote nilikuwa naiaga kimya kimya, na sikumwambia mtu, hata Eliufoo mume wangu.

Nilimwambia mmoja tu. Theopista alikuwa akipita majumbani kuwaona wazazi, kwa sababu mzazi hatoki na yeye alijua hivyo. Alipanda kwa miguu kutoka hospitali, matope mpaka magotini, akakaa kando ya kitanda changu akaniuliza kwa sauti ya chini: "Dada, ukikohoa inakuwaje?" Niliangua kilio. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Akanifundisha. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga, shusha polepole. Bana kama mtu aliyebanwa na haja yuko mbali na choo, shikilia, achia. Kila siku asubuhi na jioni. Mama mkwe wangu, Mama Eliufoo, alisimama mlangoni akasikiliza kila neno, akamshukuru, akampa mtori bakuli zima, akamsindikiza mpaka njia panda.

Aliporudi akafunga mlango. Akaniambia: "Mwanangu, yule binti amesema vizuri sana. Lakini mzazi wa nyumba hii hafanyi kazi. Hii kazi nitaifanya mimi."

Ndugu zangu, akatandika mkeka. Mama Eliufoo, mama wa watoto saba, mtu ambaye sokoni wauza ndizi wenzake walimpisha njia, akalala chali kando ya kitanda changu, akakunja magoti, akaanza kuinua nyonga. Asubuhi na jioni. Akimaliza anajifuta jasho ananiambia, "Ya leo nimekumalizia, wewe pumzika." Nilicheka, na nilipocheka nikalowa, na nilipolowa nikalia. Ningemwambia nini? Ungemwambia nini mama mkwe anayekupenda kiasi hicho?

Theopista alirudi mwezi uliofuata. "Mazoezi yanaendaje?"

Mama akajibu haraka: "Vizuri. Hatujaruka hata siku moja."

"Basi nionyeshe, dada."

Mimi nikatazama ukuta. Mama akashuka kwenye mkeka akaanza kuonyesha. Na alionyesha vizuri, kwa kweli.

Sasa hapa ndipo nilipomjua Theopista ni mtu wa namna gani. Wengine wangecheka. Wengine wangefoka, wakatuambia habari za ujinga na mila potofu, wakaenda zao, nasi tungebaki na ujinga wetu na hasira juu yake. Yeye alichuchumaa pale chini, akamgeukia mama mkwe wangu, akamuuliza: "Na wewe mama, ukikohoa inakuwaje?"

Mama akakaa, akavuta khanga akafunika magoti. Kisha akasema, akimtazama mtoto na si sisi: "Tangu juma lililopita nakohoa bila kukimbilia mlango."

Hapo nikaelewa kitu ambacho nyumba nzima haikuwahi kukielewa. Mama Eliufoo, miaka yote, alikuwa akikaa benchi la mwisho kanisani, karibu na mlango, akitoka kabla ya mnada wa sadaka baada ya ibada. Wenye roho nzuri walisema ni mnyenyekevu. Wenye midomo walisema anakimbia mnada asinunue kuku wa usharika. Kumbe tangu alipomzaa kitinda mimba wake alikuwa amebeba jambo lile lile lililonilaza mimi nikilia, na hakuwa na wa kumwambia, wala hakujua kwamba ni jambo la kuambiwa mtu.

Theopista akamshika mkono. "Umefanya vizuri kabisa, mama. Sasa na huyu naye anataka ya kwake."

Mama akanigeukia. Niliona mtu anayepima jambo zito, maana alikuwa ameahidi mbele ya ukoo kwamba sitanyanyua hata kijiko. Akasema: "Kumbe hii si kazi. Hii ni chakula cha mzazi." Na kuanzia siku ile, bila mazoezi hakuna mtori. Tulilala chini wawili, mama mkwe na mkwe, tukihesabu kwa sauti, na Eliufoo akipita dirishani akajiuliza wanawake wake wamepatwa na nini.

Sikupona siku hiyo wala mwezi huo. Nilirudi shuleni nikiogopa, meza yangu nikaisogeza karibu na mlango. Lakini asubuhi moja, nikiwa naandika ubaoni, vumbi la chaki likanipanda nikapiga chafya kubwa ya kusikika mpaka kwa mwalimu mkuu. Nikasimama, nikasubiri. Kisha nikaendelea kuandika. Watoto hawakujua kilichotokea, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nikaandika ubao mzima machozi yananitoka.

Tangu hapo Theopista hakumwita tena mjamzito peke yake. Alimwambia aje na mama mkwe. Mnakikumbuka kile chumba pale hospitali, nyuma ya pa kufulia nguo, sakafu yake nyekundu, mikeka iliyoshonwa kwa mablanketi ya zamani, na mabibi wazima wa Kilutheri na Kikatoliki wamelala chali wakilaumiana nani anadanganya?

Siku hizi miezi mitatu imebaki hadithi. Mabinti wetu hutoka wodini leo, kesho kutwa wako dukani Bomang'ombe. Siwalaumu, maisha yamebadilika. Ila naukumbuka ule muda, na nasikitika kwamba anayelegea sasa hana hata mkeka wa mtu kando yake. Mheshimiwa, chumba kile kisije kikawa stoo ya magodoro. Tunaomba apatikane mwingine wa kupanda kwa miguu na kuuliza kwa sauti ya chini.

Mama Theopista, umetushika mahali ambapo hata sisi wenyewe tuliona aibu kupataja. Mungu akupe uzee mzuri.

Na kama kuna anayejiuliza nimepata wapi ujasiri wa kumtangaza mama mkwe wangu hadharani, ni yeye mwenyewe aliyenituma. Aliniambia, "Sema tu, mimi ni mzee, na wako wengine wamekaa mlangoni." Yule pale, mstari wa mbele, kati ya Mchungaji na mke wa Mganga Mfawidhi. Kifua chake na baridi hii mnakijua. Ametukoholea tangu asubuhi, amemkoholea hata Mkuu wa Wilaya katikati ya hotuba, na hajageuka hata mara moja kutazama mlango uko wapi.

Kwa masikio yenu na uvumilivu wenu, asanteni sana.