Ufa Uliopigiwa Kura

Kitu cha kwanza Ylva alichokiona ni kutu kwenye kucha za mhandisi aliyekaa mbele yake ndani ya tramu ya jiji la Göteborg, Uswidi.

"Bosi wetu ameupigia kura ufa," mhandisi alimwambia mwenzake.

"Ufa gani tena, Sixten?"

"Wa lile daraja jipya la watoto wa shule. Nimeugusa kwa vidole hivi. Yeye akatukusanya saa ya kahawa, eti lazima tukubaliane wote. Sita wakasema ni rangi imebanduka. Mimi peke yangu nikasema ni ufa."

"Na chuma chenyewe kilipiga kura?"

"Kingekuwa na mkono angekiomba kiunyooshe! Bosi huyo hata nati haijui, lakini kwa vikao, mwache! Sasa anataka sahihi yangu leo, daraja lifunguliwe kesho. Eti nisivunje umoja."

"Tia tu, ndugu yangu, ule keki yako ya saa ya kahawa kwa amani," alisema mwenzake, kama mtu asiye na daraja la kuvuka.

Tramu ilisimama. Sixten akainuka. Ylva, ambaye hata tikiti huiomba kwa kunong'ona, akamshika mkono wa koti.

"Usitie sahihi," alisema, na dereva akageuka. "Mdogo wangu anasoma ng'ambo ya daraja hilo."