Stoo ya Msafiri Inapungua

Pale Karatu, pembeni mwa barabara ya kupandia Ngorongoro, palikuwa na benchi la mbao lililoegemea ukuta wa stoo ya Bwana Msafiri. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mabati, na Seif Kahawa alikuwa ameshamimina vikombe vya mwanzo. Marijani, mtunza stoo, hakukaa. Alizunguka na ufunguo mkononi kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wiki iliyopita alitoa lori zima la mahindi, likaenda Arusha. Nafasi ingepaswa kuongezeka, nayo imepungua! Na leo lori la vitunguu linatoka Mang'ola. Msafiri ameshamwambia wazi: vitunguu vikilala nje vikalowa, ufunguo aurudishe, akatafute kazi kwingine.

— Jamani, stoo inapungua! alisema Marijani. Nimetoa lori zima, leo hata kupenya mlangoni nashindwa!

— Kunywa kahawa kwanza, alisema Leodegar, fundi baiskeli waliyemwita Spoku kwa wembamba wake. Mahindi yaliyobaki yamevimba. Ukungu wa Karatu huu! Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu.

— Mbivu na mahindi makavu wapi na wapi?

— Si yamevumilia? Ndiyo yakavimba!

Yohani Ramani akacheka kwa dharau. Aliwahi kuwashikia wapima ardhi mnyororo, na tangu hapo hakuna kilima asichojua asili yake.

— Spoku, rudi kwenye pancha zako. Kuta ndizo zimesogea! Mwaka juzi mlima Lengai ulitema majivu, si mliona? Mlima ukitapika, tumbo linabaki tupu. Ardhi yote inavutwa kwenda kulijaza. Tunabanwa!

— Mbona benchi halijasogea?

— Limesogea, na sisi tumesogea nalo. Nani angejua?

Benchi zima likalipuka kwa kelele. Marijani alijikuta anaupapasa ukuta.

Mzee Sintamei, dalali wa ng'ombe, akagonga rungu chini. Walimwita Mzee Mnada.

— Nyamazeni, watoto. Ukifungia fahali na mitamba zizini, baadaye unakuta nini? Ndama! Huyu amechanganya magunia ya Karatu na ya Mbulu. Yamezaa.

— Magunia yanazaa, mzee?

— Umewahi kulala humo ukaona hayazai?

— Mimi nilijua zamani, alidakia Seif, birika mkononi. Humo amepanga jini, tena ana familia! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakupewa jembe, akakaa anaongeza watoto tu!

— Basi tutoe magunia ya mbele, tuone nyuma kuna nini! alisema Marijani.

Spoku akapuliza kahawa iliyokwisha poa.

— Haraka ya nini? Tumalize hoja kwanza.

Honi ikalia. Lori la Mang'ola likasimama, na mama mwenye vitunguu, Bi Mwamini, akashuka akikung'uta vumbi kwenye kanga.

— Hamjambo hapa?

— Shikamoo, mama.

— Marahaba.

Marijani akamweleza yote kwa pumzi moja: kuvimba, Lengai, kuzaa, jini. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akachukua ufunguo, akafungua. Alipanda juu ya magunia ya mbele, akachungulia nyuma.

— Mwanangu, hizi baiskeli zisizo na magurudumu ni za nani?

Spoku akatazama angani.

— Na vigingi hivi, na mabati yenye kutu?

Ramani akakohoa.

— Ngozi za ng'ombe je? Na majiko mabovu?

Mzee Mnada akawa anakagua rungu lake. Seif akafunika birika linalofuka moshi.

— Kahawa imeisha, alisema.

Hapo Marijani akakumbuka. Kila mmoja alikuja mlangoni na maneno yaleyale: "Niwekee kidogo tu, jirani." Nani anamnyima jirani kona? Na kila mara kilikuwa kitu kimoja tu. Hasira zikampanda, akawageukia awape zao.

— Na kitanda hiki kikubwa, kilichokula nafasi yote, ni cha nani? aliuliza Bi Mwamini kutoka ndani.

Benchi lote likamtazama Marijani. Nyuso zikachangamka. Kilikuwa kitanda cha arusi yake na Sikuzani, alichokiweka kwa siku mbili tu, mpaka nyumba yake ipate paa.

— Si niliwaambia humo kuna kinachozaa? alisema Mzee Mnada.

Marijani aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaingia, akashika miguu ya kitanda.

— Spoku, njoo ushike huku.

Kitanda kilitoka kwanza. Vikafuata baiskeli, vigingi, mabati, ngozi na majiko, na vitunguu vikaingia vyote kabla ukungu haujarudi. Marijani alitaka kuruka kwa furaha. Bi Mwamini akatazama vitu vilivyojaa mpaka barabarani.

— Sasa hivi vyote mtaviweka wapi?

Macho yote yakaenda kwenye mlango wa stoo. Marijani akaufunga upesi, akautia ufunguo mfukoni, akaenda kukaa kwenye kitanda chake pale kando ya barabara.